Glasi ya Bwana Pfannmüller

Watu wa Bad Ellernbrunn, mji mdogo wa Ujerumani, wanayasifu maji yao ya tiba kutwa kucha, na hakuna hata mmoja anayeyanywa. Wao hununua ya chupa, kreti kwa kreti, mchana kweupe. Ya chemichemi, yanayonuka mayai viza, wamewaachia wageni wanaokuja kutibiwa.

Mtu mmoja tu mjini aliyaamini: Roswitha Kämmerling, aliyewamiminia wageni maji kwenye dirisha la ukumbi wa chemichemi kwa miaka thelathini na moja. Kila asubuhi, kabla ya kufungua, alibana pua na kubugia glasi nzima kwa ajili ya magoti yake. Magoti hayakupata nafuu hata siku moja, naye hakukata tamaa.

Imani hiyo ndiyo iliyomtesa. Katika mwaka wake wa pili kazini alikuja Bwana Pfannmüller, mchimba makaa kutoka Gelsenkirchen, anatembelea magongo mawili. Alionja maji, machozi yakamtoka. Roswitha akamwonea huruma. Akainama chini ya kaunta, akamjazia ya bomba, akatia chumvi kidogo. Huruma ikikuingia haikutoki: baadaye akamfanyia hivyo mjane mmoja wa Kassel, halafu kila aliyekunja uso, na hapakuwa na asiyeukunja. Kila Jumapili aliomba msamaha kanisani kwa kuwaibia watu uponyaji wao.

Sasa Meya Stüber alikuwa ameleta mashine. Mgeni abonyeze kitufe, maji yatoke chemichemi moja kwa moja, dirisha lifungwe. Angeizindua siku ya kumvisha Bwana Pfannmüller beji ya dhahabu kwa kuja mara ya thelathini. Mzee angeonja maji halisi mbele ya watu, na Roswitha angepoteza dirisha na heshima kwa mpigo. Alivaa aproni safi, akaenda.

Bendi ikapuliza tarumbeta, keki ya plamu ikakatwa. Pfannmüller, miaka themanini na minne, akapanda jukwaani bila hata fimbo. Akabonyeza, akapiga funda moja, akalitema kwenye viatu vya Meya.

"Mnataka kuniua? Uchafu gani huu?"

"Ndiyo maji yetu yenyewe, mzee wangu," Meya akasema.

"Usinifundishe, kijana! Nayanywa tangu wewe unavaa kaptula. Hayajawahi kunuka!"

Mjane wa Kassel naye akaonja, akaziba mdomo kwa leso. "Mashine yenu imeoza," akasema, na wageni wote wakamuunga mkono.

Meya akawatazama madiwani, madiwani wakatazama sakafu. Nani angejua? Mara ya mwisho waliyanywa shuleni, kwa kulazimishwa.

"Bi Roswitha," Meya akasema, "mjuzi ni wewe. Hebu onja."

Akaonja. Yalikuwa yale yale ya asubuhi. Ukumbi mzima ukamkodolea macho.

"Siyo," akasema. "Mashine imeyaharibu. Maji haya yanataka mkono wa mtu."

Makofi yalivuma. Mashine ikafunikwa turubai saa ile ile, na Meya akaapa kukiandikia kiwanda kilichoiunda barua ya kukikaripia. Roswitha akarudi dirishani kwake, furaha imemjaa, aibu pia.

Pfannmüller akaja mbio. "Binti yangu, nipe ya kweli nisuuze kinywa."

Akampa ya chini ya kaunta. Mzee akaimaliza glasi yote, akashusha pumzi. "Ahaa! Hii ndiyo dawa iliyonitupisha magongo!" Kisha akapanda ngazi za ukumbi wa dansi mbili mbili, mjane wa Kassel kamshika mkono.

Roswitha aliwasindikiza kwa macho hadi ngazi ya juu kabisa. Akajipapasa magoti. Miaka thelathini na moja ya mayai viza. Akafunga dirisha, akainama polepole chini ya kaunta huku akiugulia, akajimiminia ya bomba. Chumvi akatia mara mbili.