Matroni wa Nyumba ya Wageni

Daktari alipofariki, hospitali yake haikukawia kumfuata. Wagonjwa walihamia hospitali kubwa ya serikali, na mwanawe, ambaye akiona damu tu anazimia, akaligeuza jengo kuwa nyumba ya wageni. Chumba cha upasuaji kikawa jiko. Wodi ya wazazi ikagawanywa vyumba vya kulala. Usimamizi akampa shangazi yake, dada wa marehemu, aliyekuwa matroni humo tangu ujana wake.

Hapo ndipo alipojitafutia balaa. Jengo lilibadilika, Matroni, ng'o! Wageni aliwaamsha alfajiri, akawagusa kipaji cha uso, akawauliza kama wamepata choo. Bwana harusi mmoja alitimuliwa chumbani kwa mkewe mwenyewe, eti saa za kutazama wagonjwa zimekwisha.

"Shangazi, hawa hawaumwi," kijana alimwambia. "Akilalamika mmoja tu tena, utanisamehe, itabidi ukapumzike nyumbani."

Kupumzika! Matroni aliogopa mapumziko kuliko kipindupindu. Nyumbani angemkemea nani, paka? Akaapa kutulia.

Jioni ile akafika mzee mmoja, fundi mizani, aliyesema analala usiku mmoja tu. Matroni akampa ufunguo, akaondoka amefunga mdomo, sifa zote kwake. Lakini kulipopambazuka, kikohozi kikasikika chumbani mwa fundi. Akapita mlango ule, akarudi, akapita tena. Mazoea yana taabu. Akabisha hodi, akaingia.

"Unakohoa tangu lini? Na dirisha wazi namna hii! Geuka nikuchue mgongo."

Fundi aligeuka bila kubisha, akachuliwa, akanyweshwa maji ya moto, akaamriwa alale.

Kumbe hakulala. Muda si mrefu Matroni alimwona mapokezi, ameinama anasema na kijana. Akajibanza nyuma ya mlango kusikiliza hukumu yake.

"Mzee wangu, tuwie radhi," kijana alikuwa akisema. "Nimeshamkanya."

"Umkanye kwa lipi? Tangu mke wangu afariki, hakuna aliyejali kama nimelala au nimekesha. Niandikie wiki nzima." Fundi akapunguza sauti. "Ila usimwambie kwamba kikohozi kimetulia."

Matroni akajifuta machozi kwa upindo wa kanga, akajitokeza, mikono kiunoni.

"Wewe! Nani kakuruhusu kushuka kitandani?"