Ndama wa Gari la Jethro

Jethro aliponirudishia binti yangu Celestine, alikuja pia kuchukua ng'ombe wake. Hilo sikubishana nalo. Mke akirudi kwao bila mtoto, mahari hurudi, ndivyo tulivyo huku kwetu. Lakini Jethro alichukua na ndama. Walizaliwa kwangu Kebirigo, wakala nyasi zangu, na mmoja nilimlisha kwa chupa mama yake alipougua. Nilipouliza, alisimama katikati ya boma langu akasema, "Mong'ina," yaani mama mzee kwa lugha yetu, "kilichotoka kwa changu ni changu."

Kisha akavuta kiti, akaketi karibu nami magoti yakigusana, akaitisha chai. Mkwe haketi hivyo na mama wa mkewe. Tuna heshima yetu inaitwa chinsoni: mkwe hamkaribii mama mkwe, hampazii sauti, hatamki neno la aibu mbele yake. Aliona nimeduwaa, akacheka.

"Ng'ombe wamerudi, chinsoni imekwisha. Sasa wewe ni mama tu, kama wale wa sokoni."

Nilimpa chai. Niliitia chumvi, lakini hiyo haikunitosha.

Baadaye Jethro alifungua yadi ya magari mbele ya nyumba yake kule Kiogoro. Anakodisha kwa mkataba wa miaka miwili, unalipa kila mwezi. Celestine alikuwa amejifunza kuendesha, na ndizi zetu zilikuwa zikiivia kando ya barabara zikingoja gari la watu. Basi nikaenda kukodi pikapu kwa Jethro. Majirani waliniuliza kama nimerukwa na akili. Niliwaambia ni yeye tu asiyedai hati ya shamba. Hiyo ilikuwa kweli. Kweli nyingine ni kwamba nilitaka anione kila mwisho wa mwezi, niko hai na ninanenepa.

Gari lenyewe sasa. Matairi yalikuwa laini kama kichwa cha marehemu mume wangu. Betri ilikuwa ya kuombewa. Sharon, msichana wa ofisi yake, alilipiga picha pande zote kwa simu, maana mkataba unataka gari lirudi kama lilivyotoka. Sisi tukanunua matairi mapya na betri, tukachomelea chuma cha kushikilia mikungu. Vile vikuukuu vyake nikaviweka ghalani.

"Mama, takataka hii ni ya nini?" Celestine akauliza.

"Ni ukumbusho wa ndoa yako."

Ndizi zikatupenda. Mwaka wa pili haujaisha, chama chetu cha akina mama kikakubali kumwongezea Celestine nusu ya bei ya pikapu yake mwenyewe. Nusu nyingine alikuwa nayo, na aliyekuwa akimuuzia alimpa mpaka mwisho wa mwezi kulipa. Magari mawili ya nini? Nikaenda kwa Jethro kuvunja mkataba.

"Anayetoka mapema analipa faini ya miezi miwili," nikamwambia. "Ndivyo ilivyoandikwa. Ninayo."

"Hiyo ni faini tu, Mong'ina. Kuna miezi yote iliyobaki. Kuna uchakavu. Na gari lije na kila kitu kilichofungwa juu yake."

"Hata matairi?"

"Matairi, betri, na hicho chuma."

"Nilinunua mimi."

"Yamefungwa kwa gari langu. Ukibisha, twende kortini. Una nauli ya korti?"

Sharon alikuwa akitazama kucha zake. Mimi nilikuwa nikipiga hesabu. Nikilipa yote hayo, nusu ya Celestine ingekwisha pale pale, na binti yangu angerudi kukaa kando ya barabara na mikungu yake.

"Nilete lini?" nikauliza kwa unyonge. Unyonge naujua vizuri, nimeutumia miaka mingi.

"Siku yoyote isipokuwa Jumapili. Nina wageni."

Wageni nilikuwa nawajua. Ruth, tunayeimba naye kwaya, alikuwa akipeleka watu wake kuona boma la kijana anayetaka kumwoa binti yake. Kijana, Jethro huyu.

Jumapili nilivaa kitambaa changu cha kanisani. Fundi Onsongo alikuwa ametoa vya kwetu na kurudisha vikuukuu. Mimi na Celestine tuliliwasha gari kwa kulisukuma kwenye mteremko wa Kebirigo, na likatuzimikia langoni kwa Jethro. Wajomba wa bibi harusi, watu wenye adabu, wakaacha sahani zao wakaja kusukuma na suti zao.

"Dada Tryphosa," Ruth akaniuliza, "gari hili limepatwa na nini?"

"Halijapatwa na kitu. Limerudi kama lilivyotoka. Sharon, leta zile picha, mwanangu."

Sharon, aliyekuwa akigawa soda, akatoa simu upesi kuliko nilivyotarajia.

Jethro alikuja mbio, mdomo wazi. Akamwona Ruth. Mdomo ukafungwa.

"Mama," akasema polepole, "twende kando tuongee."

"Kando ya nini? Mimi na wewe hatuna chinsoni. Si ulisema iliisha ng'ombe waliporudi?"

"Ng'ombe walirudi?" Ruth akauliza.

"Na ndama."

"Na ndama?" Huyo alikuwa mjomba mmoja, bado anajipangusa vumbi.

"Jethro ni mtu wa haki. Kilichotoka kwa chake ni chake. Ndiyo maana matairi nimebaki nayo, yalitoka kwa ndizi zangu. Ama gari lako lilizaa, Jethro?"

Siku nyingine angenitukana hadi kuku wakimbie. Lakini mama mkwe wake mtarajiwa alikuwa amesimama pale na mkoba wake, na mbele ya mama mkwe mtu hapazi sauti. Mshipa ulimtoka shingoni kama mzizi.

"Halikuzaa," akasema.

"Masikio yangu ni ya zamani."

"Halikuzaa, Mong'ina."

Nikatoa faini ya miezi miwili, mimi si mwizi, nikampa mjomba aihesabu. "Na kama kuna kingine ninachodaiwa, miezi iliyobaki ama uchakavu, kitaje wageni wasikie."

"Hakuna."

Sharon akaandika kwamba mkataba umekwisha na sidaiwi. Jethro akatia sahihi juu ya boneti, kalamu ikikwaruza karatasi. Ndipo nikavuta kiti, nikaketi karibu naye magoti yakigusana, nikaitisha chai. Niliionja kwanza.

Nilipotoka, Celestine alikuwa amekwisha kusimamisha bodaboda mbili barabarani. Ruth alinifuata hadi langoni, akanishika mkono.

"Hao ndama, walikuwa wangapi?"

"Watatu," nikamwambia. "Mmoja nilimlisha kwa chupa."