Ngumi Moja ya Ugali

Mimi ni mkali, na sitaanza kwa kujisafisha. Muulize yeyote pale Kiseke, atakwambia Mama Hellen akishasema hapana, hata mwenyekiti wa mtaa anageuza njia. Nimeuza samaki miaka ishirini na mbili, na kule mwaloni, mitumbwi inaposhusha samaki, mpole harudi nyumbani na kitu. Ukali huohuo ndio niliouingiza kwenye sahani ya mume wangu.

Mume wangu aliitwa Shimba, Msukuma wa Kisesa, fundi mwashi. Kwake yeye chakula kilikuwa ugali, vingine vyote vilikuwa vya kusindikizia. Ungempa kuku mzima na mchuzi wake, angemaliza, akajipangusa mdomo, halafu akauliza, "Haya Mama Hellen, sasa tunakula saa ngapi?" Mimi ni Mkerewe, samaki ndiyo maisha yangu, nilikuwa namcheka mpaka machozi. Hatukujua kama kicheko hicho kina siku zake.

Sukari ilimkamata miaka mitatu iliyopita. Alianza kunywa maji kama ng'ombe wa kiangazi, akakonda, kliniki wakampima, wakampa sindano ya kujichoma asubuhi na jioni. Nesi wa kliniki, Sista Gladness, akamwambia apunguze wanga. Samaki ale, mboga ale ashibe, mayai ale, lakini ugali usizidi ngumi moja kwa mlo. Alirudi nyumbani amekunja ngumi, anaionyesha mlangoni kama mtu aliyeshinda kesi.

"Ngumi moja, Mama Hellen! Kasema nesi mwenyewe."

Sasa ngumi ya fundi mwashi si ni tofali zima? Nikamwambia tutapima kwa yangu. Tulibishana mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Ngumi yangu ikashinda.

Sitaki udhani tulikuwa tunakula kwa huzuni. Hapana. Nilijitahidi, na mwaka ule wa kwanza nilipika kuliko miaka yote ya ndoa. Sato wa kuchemsha na ndimu na pilipili mbuzi. Ngogwe, zile nyanya chungu, za karanga. Dagaa wa kukaanga na vitunguu vingi mpaka wanalia kwenye meno. Kabichi niliikata nyembamba kabisa, nikaipitisha kwenye mvuke, nikaipakua kama wali, na juu yake mchuzi wa sangara. Siku ya kwanza aliitazama ile kabichi, akaitazama sura yangu.

"Jina langu Shimba maana yake simba," akasema. "Umeona wapi simba anakula majani?"

"Simba wa Kiseke anakula anachopewa."

Akala. Akaongeza. Baadaye ikawa yeye mwenyewe akipita sokoni anachagua kabichi, anazigonga kwa vidole kama anakagua tofali. Jioni tulikula kwenye mkeka barazani, yeye na ngumi yake ya ugali pembeni, akiimaliza polepole, tonge dogo dogo, ili isiishe kabla ya samaki. Nilimpenda sana wakati ule. Nasema wazi, maana sikumwambia.

Lakini alikuwa na utundu. Kila wiki alirudi na amri mpya ya kliniki. Daktari kasema Jumapili wali unaruhusiwa. Daktari kasema chapati ya baridi haina sukari. Nesi kasema viazi vitamu vikiliwa umesimama vinashuka moja kwa moja miguuni. "Aka! Huyo nesi ni wa kliniki au wa mama lishe?" nilimuuliza. Anacheka, anapita. Nikazoea kwamba neno lolote la daktari likitoka kinywani mwa Shimba ni la kutafutia ugali.

Jioni moja alikuja Chenge kututembelea. Chenge ni mtoto wa shangazi yake Shimba, na kwa Wasukuma huyo ni mtani, hana adabu na wala hatakiwi kuwa nayo. Tumemaliza kula, Shimba akateleza kwenye kiti taratibu mpaka chini, akaanza kutetemeka mikono na miguu, macho kayageuza.

"Sukari imeshuka! Nesi kasema nikitetemeka na kutoka jasho nipewe soda upesi, au sukari, au hata ugali! Mama Hellen, nakufa!"

Nikachukua jagi la maji nikammwagia lote. Chenge alicheka mpaka akaegemea ukuta. Shimba akainuka, maji yanamchuruzika, anapiga saluti. Nikasema mbele yao wote wawili, hata kama una wazimu, nesi gani atampa soda mgonjwa wa sukari? Chenge akasema, "Shemeji, wewe ndiye daktari." Neno lile lilinifurahisha. Nililiamini.

Halafu mwezi wa pili mwaka huu kikaja kidonda. Msumari kwenye saiti ulimchoma kidole cha mguu, hakusikia, maana nyayo zake zilishakufa ganzi. Alipovua kiatu kidole kilikuwa cheusi. Kikakatwa kidole. Daktari akasema, mkicheza na sukari, kinachofuata ni mguu.

Ndugu yangu, baba yangu mimi alikatwa mguu Ukerewe kwa ugonjwa huuhuu. Kwanza goti, halafu paja, halafu tukamzika. Nilikuwa msichana, na ile shuka iliyolala bapa pale ambapo mguu ulitakiwa kuwa, naiona mpaka leo. Niliapa Shimba hatazikwa nusu. Nikanunua sanduku la bati. Unga, sukari, mchele, vyote nikafungia humo, ufunguo nikaufunga kwenye pindo la khanga, na ukoo mzima ukajua. Na ile ngumi moja ya ugali nikaifuta.

Sikumuuliza mtu. Nilijiambia, kama kidogo ni kizuri, basi bila kabisa ni kizuri zaidi.

Shimba safari hii hakubisha. Kile kidole kilimtisha. Alisema tu, "Na sindano je, inabaki ileile?" Nikamwambia sindano ndiyo dawa, dawa haipunguzwi. Akaitikia kwa kichwa. Mtu aliyenibishia maisha yake yote, siku moja aliyotakiwa kubisha akatii.

Baada ya wiki tatu kidonda kikaanza kufunga. Kipimo chetu cha sukari cha nyumbani kilisoma saba, kikasoma sita. Nilimwonyesha kila mtu. Alikuwa akilalamika kichwa, mara mikono mizito, nikamwambia ni mwili unazoea. Naye akasema, "Mguu ukipona, Mama Hellen, utanipikia ugali wa muhogo, ule mweusi, na sato mzima." Nikamwambia nitakupikia mpaka uombe msamaha.

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne. Nilimwacha saa kumi na mbili asubuhi, nikamwambia jichome saa moja kama kawaida, mimi narudi na samaki, utakula wa moto. Mitumbwi siku hiyo ilichelewa, ziwa lilikuwa na upepo. Nilisubiri, kwa sababu nilitaka sato mzima, mnene, wa kumfurahisha. Kwa ajili ya samaki yule nilifika nyumbani saa nne.

Nilimkuta barazani kwenye kiti. Shati limelowa. Mikono inamtetemeka.

"Mama Hellen," akasema, "sukari. Fungua sanduku."

Nikaweka ndoo chini nikacheka.

"Fungua sanduku, mke wangu. Nesi alisema."

Nikampigia makofi. Ndiyo, nilipiga makofi mawili matatu, hivi, kama watu wanavyompigia mchekeshaji, nikamwambia, "Leo umeigiza vizuri kuliko siku ile ya Chenge! Hata jasho umelipata wapi?" Akanyoosha mkono akashika khanga yangu pale kwenye pindo penye fundo la ufunguo. Nikamtoa mkono. Sikumtoa kwa nguvu. Mkono wenyewe haukuwa na nguvu.

Kipimo kilikuwa juu ya kabati, hatua nne kutoka pale tulipokuwa. Sikukigusa.

Nikaingia jikoni kumpikia. Nilimkwangua yule sato magamba, nikakata ngogwe, huku nampigia kelele dirishani, "Vumilia, simba, majani yanakuja!" Akanijibu kitu, akaniita kwa jina la mama yake. Nikadhani ni mchezo unaendelea. Mara ya pili nilipomwita hakujibu, nikadhani kanuna. Nilitoka na sahani mkononi, samaki anafuka moshi, ndimu pembeni, na Shimba alikuwa chini sakafuni, safari hii hatetemeki.

Nililipiga lile sanduku kwa jiwe, sikukumbuka kama ufunguo ninao. Nilimtilia sukari mdomoni, ikatoka. Majirani wakaleta bajaji. Hospitali walimtundikia dripu ya sukari, lakini hakufumbua macho. Daktari akaniuliza, asubuhi alikula nini?

"Hakula, alikuwa ananisubiri mimi."

"Na jana? Ugali kiasi gani?"

"Hali ugali, dokta. Nimemwachisha kabisa." Nilisema hivyo nikiwa bado na kaujivuni, Mungu anisamehe.

Akavua miwani. Hakunigombeza. Alisema ile dawa ilipangiwa ile ngumi moja. Ukiondoa ngumi, dawa nayo ipunguzwe, la sivyo inashusha sukari kupita kiasi na inamgeukia mtu. Akageuza kadi ya kliniki niliyokuja nayo, na nyuma yake palikuwa na mwandiko wa Sista Gladness: akitetemeka, akitoka jasho, apewe sukari au soda haraka. Miaka mitatu kadi hiyo ilining'inia ukutani kwangu. Upande wa mbele, ule wa vyakula, naujua kwa moyo.

Siku mbili baadaye Shimba akafa. Miguu yake yote miwili ikiwa mizima.

Tulimzika Kisesa, kwao. Makofi yale sikumwambia mtu. Binti yangu Hellen alinikumbatia akasema, "Mama, ulimtunza sana baba," na wanawake wote msibani wakasema vivyo hivyo, hakuna mke aliyehangaika na chakula cha mume kama Dorotea, ndilo jina langu. Kila mmoja aliyenisifu alinichoma kisu. Nilinyamaza. Mimi, Mama Hellen, nilinyamaza siku tatu nzima.

Siku ya kuanua matanga watani wakaanza kazi yao. Kwetu hapa marehemu haachwi aende kwa kilio kitupu. Mtani wake anavaa nguo zake, anatembea kama yeye, anasema kama yeye, watu wanacheka na kulia pamoja, na mfiwa anatakiwa kuitikia mchezo. Chenge akatokea nyuma ya nyumba amevaa koti la Shimba la kwenda kanisani, kofia yake, na mguu mmoja kaufunga bandeji. Ile sauti! Ukifumba macho ni Shimba kabisa.

"Jamani, tangu nife sijapewa ugali! Hata huku mlango wenyewe unalindwa na Mkerewe!"

Watu wakaangua kicheko. Wazee walishika mbavu. Akazunguka, akajifanya anagonga kabichi kwa vidole, akapiga saluti. Hellen alikuwa anacheka huku machozi yanamtoka, na mimi nikashukuru kumwona hivyo. Kisha Chenge akaja mbele yangu, akakaa kwenye kigoda. Nikajua kinachofuata. Nilitaka kusema hapana, na mdomo ukakataa.

Akateleza taratibu mpaka chini.

"Mama Hellen! Nesi kasema nikitetemeka nipewe sukari! Fungua sanduku, nakufa!"

Uwanja mzima ukalipuka. Mtu akanipa jagi la maji, maana hadithi ile Chenge alishaieneza Kisesa yote. Walikuwa wananingoja nimmwagie. Wengine walianza kupiga makofi, pa, pa, pa, kunihimiza.

"Acheni makofi!" Nilipiga ukelele ambao sikujua ninao. "Acheni! Alivyoniomba hivi, mimi nilimpigia makofi!"

Chenge alibaki palepale chini, mikono imesimama hewani. Nikawaambia yote, pale pale, mbele ya mama mkwe wangu na binti yangu. Nikawaambia jasho lilikuwa la kweli. Nikawaambia ufunguo ulikuwa kiunoni kwangu, na kwamba alishika khanga yangu nikamtoa mkono. Hellen alijifunika uso kwa upande wa kitenge chake na hakuufunua.

Nikaenda jikoni. Sufuria la msiba lilikuwa limejaa ugali wa muhogo, mweusi, wa moto. Nikachota kwa mkono, nikaupima kwa ngumi yangu. Halafu nikaongeza mpaka ukafikia ngumi ya fundi mwashi.

Nilipiga magoti pale chini, nikakiinua kichwa cha Chenge nikakilaza juu ya paja langu. Kofia ya Shimba ilikuwa bado inanuka saruji. Chenge alitaka kuivua, akisema, "Shemeji, nisamehe, sikujua," nikamzuia. Nikakata tonge, nikalipoza kwa pumzi, nikamtilia mdomoni.

"Kula, Baba Hellen," nikamwambia. "Sanduku liko wazi."

Akatafuna huku analia. Alipomeza, nikamkatia lingine.