Hisa Arobaini Mikononi mwa Wauza Hewa

Sikufichi, mimi ni mtu wa mdomo. Miaka ishirini na mitano nauza kimchi, yaani kabichi ya kuchachusha kwa pilipili, na vitoweo katika soko la Seomun hapa Daegu, na mdomo huu ndio uliosomesha watoto wangu. Ndio huohuo uliomwingiza Mama Gyu-ri kwenye hisa za Hanuljin.

Mama Gyu-ri anauza keki za samaki meza ya pili kutoka kwangu. Alikuwa amejiwekea pesa za kupandikiza meno, maana upande wa kushoto hana la kutafunia. Nikamwambia, mdogo wangu, meno yatangoja, Hanuljin haingoji, wanatengeneza unga wa betri za magari na oda zimewajaa. Akanunua hisa nne, kila moja won laki tisa na themanini elfu. Miezi minane baadaye hisa moja ilikuwa laki sita na kidogo. Hakunilaumu hata siku moja. Alitafuna upande wa kulia tu, kila mchana, mbele yangu, na chakula kikawa hakinipiti kooni.

Sisi wanunuzi wadogo hapa Korea tunaitwa sisimizi. Sisimizi wa Hanuljin tulikuwa na kundi letu kwenye simu, watu elfu nne, na mwenyekiti alikuwa Mzee Pyo, dereva mstaafu wa basi. Kampuni ilitaka kugawa kila hisa iwe kumi, ili bei ishuke hadi elfu sitini na mtu wa kawaida aweze kununua.

"Kwani keki nikiikata vipande kumi inaongezeka?" aliniuliza Mama Gyu-ri.

"Haiongezeki. Wanaoweza kununua kipande ndio wanaongezeka."

"Haya, dada. Lakini mgawanyo ukikwama nauza zote nne, hasara na iwe hasara. Na usinishauri tena, hata bei ya figili."

Na kukwama kulikuwa karibu. Sheria inataka kura za ndiyo zifikie theluthi ya hisa zote za kampuni. Wakubwa wanazo chache, nyingi tunazo sisi, na sisimizi kupiga kura ni wavivu ajabu. Daftari la wapiga kura lilikuwa linafungwa Ijumaa. Ambaye hisa hazimo mkononi mwake siku hiyo, kura hana.

Upande wa pili walikuwepo wauza hewa, wale wanaoombea bei ianguke. Hao nilikuwa nawatukana kila asubuhi kabla sijamenya kitunguu saumu. Niliandika kundini kwamba mtu anayewaazima hisa zake hana tofauti na anayemfungulia mwizi mlango, na watu mia tatu wakanipigia makofi ya simu. Nilipenda makofi yale, sikatai.

Jumanne ya wiki hiyo nilikaa na Mama Gyu-ri nyuma ya meza yake, namwonyesha namna ya kujaza fomu ya kura kwenye simu. Akaniuliza hao wauza hewa hasa wanafanya nini.

"Chukulia naazima kabichi zako kumi leo," nikamwambia. "Naziuza papo hapo. Wiki ijayo kabichi zimeshuka bei, nanunua kumi za rahisi, nakurudishia. Faida naweka mfukoni."

"Na mimi napata nini?"

"Vijisenti vya kukushukuru."

"Sasa mjinga gani anawaazima hisa zake kwa vijisenti?"

"Mabenki makubwa," nikasema. Nikaendelea kubonyeza ili nimwonyeshe kwenye simu yangu mahali pa kura, nikaona mstari ambao sijawahi kuusoma. Huduma ya kuazimisha hisa: imewashwa. Hisa zilizoazimishwa: arobaini. Nilizo nazo ni arobaini.

Miaka mitatu nyuma, siku nafungua akaunti ya hisa, binti wa dirishani kwa madalali alinipa boksi la sabuni ya kufulia akaniambia weka sahihi hapa, na hapa, na hapa. Tangu hapo kila mwezi ziliingia won mia chache, nami nikidhani ni zawadi ya wateja wazuri. Niliwahi hata kujisifu nazo.

"Dada, mbona umenyamaza?" akasema Mama Gyu-ri. "Wewe hunyamazi."

"Kichwa kinauma," nikamjibu, nikarudi mezani kwangu.

Nikabonyeza kuzidai hisa zangu zirudi. Zinachukua siku mbili, kwa hiyo Ijumaa zingekuwa nyumbani, na hakuna ambaye angejua. Hapo ningeweza kuishia. Lakini ile sabuni ikanisumbua. Pale dirishani maboksi yalikuwa yamepangwa mpaka dari. Hawakuwa wamemngoja mwanamke mmoja wa kimchi. Kundini humo walikuwemo wangapi kama mimi, wamejaza fomu ya kura na hisa hawana?

Niliona aibu, nasema kweli. Nikaandika: "Mimi Mama Se-jin, niliyewatukana wanaoazimisha hisa zao, nimewaazima wauza hewa hisa arobaini kwa miaka mitatu. Sikujua. Kaangalieni zenu sasa hivi. Mwisho wa kuzidai ni kesho."

Wa kwanza kujibu aliandika, mama, kumbe mwizi ulikuwa unaishi naye. Wa pili akataka nifukuzwe. Nikaweka simu kifudifudi, nikahudumia wateja watatu bila kuwaona sura.

Nilipoigeuza, Mzee Pyo alikuwa ameandika: "Mia mbili na kumi. Miaka minne. Mimi walinipa mwavuli." Chini yake mwingine, kumi na tano, mafuta ya kupikia. Mwingine, themanini, taulo. Wakaja na kuja mpaka nikashindwa kuwafuata.

Alhamisi wauza hewa walikuwa wanasaka hisa za kurudisha, na bei ikaruka mpaka laki saba na nusu. Mwezi uliofuata mkutano ulihesabu kura. Theluthi ilipatikana, hoja ikapita chupuchupu, Mzee Pyo akatutumia picha ya ukumbi iliyopinda.

Bado hatujafika tuliponunulia. Juzi Mama Gyu-ri, ambaye zake nne sasa ni arobaini, alikuja na bakuli la keki za moto akaketi.

"Dada, Jumatano ile mimi nilikuwa nauza," akasema. "Mgawanyo hata sikutaka kuungoja tena. Nilishafungua simu, kidole kiko juu ya kitufe."

"Ukaacha kwa nini? Bei ilikuwa bado haijapanda."

"Nilisoma ulichoandika kundini. Nikasema huyu ana mdomo mchafu, lakini akikosea ananiambia." Akanisogezea bakuli. "Kula. Umekonda tangu mwaka jana."

Nikala.