Mkwe Juu ya Tuta

Mwaka 1991 Dorca alipata barua aliyoisubiri miaka mitatu. Shirika moja la kanisa lilikuwa tayari kumpeleka kaskazini mwa Ghana, azunguke vijijini akichanja watoto. Sharti lilikuwa moja: ajue kuendesha pikipiki. Mtihani ungefanyika Kisumu baada ya wiki tano, na asiyepita haendi.

Mjane wa miaka arobaini na sita juu ya pikipiki! Wenzake wa kwaya walicheka mpaka wakashika mbavu. Mmoja wao, Jentrix, alimwuliza kama Ghana wameishiwa na wanaume. Dorca alicheka nao, lakini moyoni alikuwa amekata shauri. Kila nafasi ya kwenda mbali ilipotokea hospitalini ilimwangukia mtu mwingine. Akiikosa hii, atazeekea kwenye kile chumba cha sindano akitazama ukuta uleule.

Maandalizi mengine hayakumsumbua. Pasipoti ilitoka. Alichanjwa homa ya manjano, na yeye aliyedunga sindano nusu ya Kisumu akafumba macho kama mtoto. Alishonewa suruali mbili nene za kaki. Kilichobaki ni mwalimu, na hapo ndipo palipokuwa na kazi.

Mtu pekee aliyemjua mwenye pikipiki na subira ni Joram, afisa wa kilimo kwenye mashamba ya mpunga ya Ahero. Tabu ni kwamba Joram alikuwa mume wa Apiyo, binti yake. Kwa Wajaluo, mkwe na mama wa mkewe hawashikani mikono wala hawakaribiani, sembuse kupakiana pikipiki moja.

Basi wakasoma kwa mbali. Joram aliendesha kwanza ili Dorca aone, akaegesha, akapanda tuta la mfereji na kusimama huko umbali wa hatua ishirini, mikono nyuma. Ndipo Dorca alipoisogelea pikipiki. Mafunzo yalishuka kutoka juu kwa kelele kama mahubiri ya sokoni.

"Mama, achilia klachi polepole! Polepole, si kama unafukuza kuku!"

Wakulima waliacha palizi wakaja kutazama. Dorca aliona haya siku mbili, ya tatu akazoea.

Wiki ya nne mvua ilinyesha, na udongo mweusi wa uwanda huo wa Kano ukilowa hauna rafiki. Gurudumu la nyuma liliteleza, pikipiki ikalala, Dorca akajikuta ameketi kwenye matope, kiatu kimoja hakionekani. Wanaume wawili waliruka mfereji wakaja mbio.

"Mwacheni!" Joram alipiga kelele. "Mtu asimshike! Hata pikipiki asishike!"

Wakasimama, hawaamini. Hata Dorca hakuamini. Kwamba yeye Joram hawezi kumshika, hilo alilijua. Lakini kuwakataza wengine? Heshima gani hiyo ya kumwacha mama wa watu matopeni kama nguruwe?

"Mama, zima engine. Geuza usukani mpaka mwisho. Sasa pea hiyo pikipiki mgongo, chuchumaa, shika usukani na keria ya nyuma. Sukuma na miguu. Rudi nyuma kidogo kidogo."

Alijaribu mara nne. Mara ya tano pikipiki ilisimama, naye akasimama nayo kwa hasira. Jioni hiyo hakumuaga mkwewe. Wiki iliyobaki alisoma kwa kununa, akiitikia kwa kichwa tu.

Siku ya mtihani msimamizi alikuwa Bwana Waliaula, Mbukusu mmoja mpole aliyekuwa ametoka Ghana karibuni. Kuzunguka mapipa kila mtu aliweza. Kisha akawaambia wazilaze pikipiki mchangani na kuziinua, kila mtu peke yake.

"Kule unaweza kuanguka asubuhi na usione mtu mpaka jioni," alisema.

Vijana wawili wenye vifua vipana walivuta mpaka mishipa ya shingo ikasimama, mmoja akashindwa. Dorca aliipa yake mgongo, akachuchumaa, akarudi nyuma kidogo kidogo. Waliaula aliandika jina lake palepale.

Alipofika Ahero na habari hiyo, Apiyo alimkumbatia, kisha akaanza kulia.

"Mama, usimkasirikie Joram tena. Kabla hamjaanza alienda kwa mjomba wake, akauliza ukianguka itakuwaje. Mjomba akamwambia mtu akianguka anainuliwa, mila haikatazi hiyo. Permission alikuwa nayo. Siku ile ya matope alirudi hapa, hakukula. Alikaa tu anaangalia mikono yake."

Dorca alitoka nje. Joram alikuwa anaosha pikipiki. Alipomwona alirudi nyuma kama kawaida, akavua kofia.

"Joram, ungeweza kuniinua."

"Ndio, Mama."

"Na ukaniacha."

"Mama, Ghana mimi sitakuwa. Nilitaka uanguke nikiwa bado nakuona."

Dorca alisimama pale alipo. Alimkumbuka mtu yule juu ya tuta, mikono nyuma, wiki tano nzima, na yeye akidhani ameachwa. Mkono hakuweza kumpa. Akapiga magoti uani, yeye mama mkwe, mbele ya binti yake na majirani, akasema erokamano, asante, akarudia, mpaka Joram naye akapiga magoti ng'ambo ya pili ya ua, akimsihi ainuke.

"Niache," Dorca alimwambia, akicheka na kulia. "Nitainuka mwenyewe."