Vaa Kwanza Anunua Gari

Mtaani walimwita Vaa Kwanza, na jina hilo alilitafuta mwenyewe. Alikuwa fundi wa sare za shule, na kwenye chumba chake cha kushonea hakuna aliyewahi kuondoka na nguo mfukoni bila kuipitisha mwilini. Ulivaa, ukainua mikono, ukaketi, ukachuchumaa. Ukisema una haraka, alikuangalia juu ya miwani na kukwambia, "Haraka hiyo hiyo ndiyo itakayokupasulia suruali mbele za watu. Chuchumaa."

Mwanamke huyo huyo alinunua gari kwa picha.

Picha zenyewe aliletewa na mdogo wake wa kiume, aliyepewa jina la Mitandao kwa sababu simu haimtoki mkononi hata akiwa chooni. Kigari cheupe, mlango wa pembeni wa kusukuma, viti vya nyuma vimeng'olewa ili mzigo ukae. Muuzaji alikuwa mji wa mbali huko, na kwenye simu sauti yake ilikuwa tamu kama ya mtu anayeposa. Wakapatana hivi: nusu itangulie, nusu imaliziwe gari likifika, na dereva aje na kadi ya gari mkononi.

Ili hela itimie, Vaa Kwanza aliuza cherehani yake ya umeme. Akabaki na ile ya miguu, ya siku nyingi, inayolia kama mlango wa banda la kuku. Kulikuwa na shule zimempa kazi, shule za mbali ambazo bila gari mzigo haufiki. Gari likiwa zima, angezihudumia na kununua mashine nyingine. Likiwa bovu, asingekuwa na gari wala cherehani, na shule zingemtafuta fundi mwingine. Hilo alilijua vizuri, na tangu alipotuma nusu ya kwanza usingizi ulikuwa wa mang'amung'amu.

Asubuhi ile honi ikalia nje. Alitoka na futi yake ya kupimia ikining'inia shingoni. Kigari kilikuwa pale mlangoni, kinang'aa, kinanguruma. Akashuka mwanamume mrefu, macho mekundu kama aliyeng'atwa na nyuki, akaacha mlango wazi na injini ikiwaka.

"Habari za asubuhi, mama."

"Nzuri, baba. Pole na safari. Zima gari, uingie unywe chai."

"Nashukuru, mama, lakini hili halizimwi sasa hivi. Limetoka mbali. Likizimwa ghafla injini inaungua. Tumalizane kwanza, nina haraka."

"Ni kweli, dada," Mitandao akadakia. "Hata mimi nimesoma."

"Wewe umesoma kila kitu isipokuwa vitabu vya shule."

Vaa Kwanza akalizunguka gari. Rangi safi. Matairi yana meno. Mlango wa pembeni uliteleza vizuri, na ndani kulinukia marashi mpaka pua ikawasha. Hakuona kosa. Lakini kila aliposogea upande wa usukani, dereva alikuwa ameshafika kabla yake, mkono juu ya mlango, anatabasamu na mdomo tu.

Simu ya Vaa Kwanza ikaita. Muuzaji.

"Mama yangu mpenzi, mzigo umefika?"

"Umefika."

"Basi nitumie hiyo nusu, dereva akupe kadi awahi basi la kurudi. Unajua tena, mtu ana familia."

Vaa Kwanza alikata simu, akafungua sehemu ya kutuma hela, akaandika namba. Kilichobaki kilikuwa kubonyeza mara moja. Kidole gumba kikasimama juu ya kioo.

"Bonyeza tu, dada," Mitandao akanong'ona. "Unatuaibisha. Mgeni kasimama juani. Ingekuwa suruali ningekuelewa."

"Mama, haraka tafadhali," dereva akasema.

Vaa Kwanza aliinua macho na kumtazama juu ya miwani. Akatumbukiza simu kwenye mfuko wa aproni.

"Lichuchumae kwanza."

"Nani?"

"Gari. Lizime, halafu liwashe. Likiinuka lenyewe, natuma hapa hapa."

Dereva akatazama chini. "Mama, bosi amesema..."

"Bosi wako hayupo. Tuko mimi na wewe."

"Dada, utaliharibu," Mitandao akasema, na sauti yake haikuwa na utani tena.

Hakumjibu. Alimpita dereva begani, akaingiza mkono ndani, akazungusha ufunguo. Gari likanyamaza. Wakasikia bomba la jirani likidondosha maji kwenye ndoo.

"Haya. Liwashe."

Dereva akaketi kwa shingo upande. Akazungusha. Krrr. Akazungusha tena. Krr. Mara ya tatu ikatoka tiki moja ndogo, basi. Chini ya gari ukaanza kuchirizika mstari mweusi wa oili.

Dereva akaweka paji la uso juu ya usukani. "Tangu nitoke yadi ya magari ya bosi sijalizima, mama. Mafuta nimejaza likinguruma, nimelala barabarani likinguruma. Bosi alisema likizimika, na malipo yangu yamezimika."

Mitandao akainama kuuchungulia mstari ule wa oili.

Simu ikaita tena. Vaa Kwanza akaiweka sauti ya juu.

"Mama, mbona kimya?"

"Gari lako limekufa mlangoni kwangu."

"Ah, hiyo ni betri tu. Wewe tuma, nitakupa namba ya fundi."

"Njoo ulichukue, unirudishie nusu yangu."

Muuzaji akacheka. "Mama, unaujua umbali huo? Kulivuta tu mpaka huku..." Akakatisha.

Alikatisha kwa kuchelewa. Vaa Kwanza alikuwa ameshasikia. Umbali ule ule uliomfunga yeye macho, sasa ulikuwa umemfunga muuzaji miguu.

"Endelea," akasema. "Kulivuta tu kunakula nini?"

"Bila hela kadi hupati."

"Na gari hulipati. Kuku watataga humo. Nisikilize. Nusu iliyobaki nanunulia injini, dereva namlipa jasho lake humo humo, na wewe unaruhusu kadi. Hutaki, njoo na kamba."

Simu ikakatwa.

Wakakaa. Mitandao aliiweka simu yake mfukoni, jambo ambalo dada yake hakulikumbuka kutokea. Vaa Kwanza akaingiza mikono ndani ya aproni. Asiporudi hewani huyu, alifikiri, nimebaki na bati jeupe.

Mwishowe ikaita simu ya dereva.

"Ndiyo, bosi. Ndiyo. Nimeelewa." Akavuta bahasha chini ya kiti, akamkabidhi. Kadi ilikuwamo, na saini ya muuzaji juu yake. "Amesema nikupe. Amesema na neno lingine, lakini hilo halifiki."

Walilisukuma gari mpaka uani, wote watatu. Dereva alipoinama kusukuma, suruali yake ikatoa sauti ya kupasuka nyuma, ndefu na ya wazi kabisa.

"Hiyo nusu itatosha kwa injini, dada?" Mitandao akauliza akihema.

"Haitatosha. Utauza hiyo simu."

Akacheka, kisha akaona dada yake hacheki.

Dereva akajifunga shuka, akanywa chai huku cherehani ya miguu ikilia. Suruali ilipokuwa tayari akaivaa, akashukuru, akanyoosha mkono kuaga. Basi lilikuwa linamngoja.

Vaa Kwanza hakuupokea mkono. Alimtazama juu ya miwani.

"Chuchumaa."