Kiti cha Nyambeki

Kapkatet nzima ilimjua Syprose kwa mambo mawili: ndiye mwanamke pekee aliyeshika randa katika soko lile, na mdomo wake haukuwa na breki. Ukimletea za kuleta, mbao zako utazikuta barabarani. Lakini siku Kuria aliposhuka garini mbele ya karakana, na viatu vyake visivyojua matope, Syprose alimkaribisha vizuri, akampa stuli, akampa na chai. Hilo ndilo lililomkera zaidi baadaye, kwamba alimpa hata chai.

Kuria alikuwa na duka la fanicha Nairobi, na alikuwa akitafuta kiti cha klabu. Miaka ya sitini, msanifu mmoja mzungu aliyejenga nyumba za mameneja wa majani chai alichora kiti cha kisasa: miguu myembamba, mgongo uliolala nyuma, mkono wa kulia juu na wa kushoto chini. Vikatengenezwa vya kujaza klabu yote ya mameneja. Klabu ilipogeuzwa hoteli, viti viliishia kuwa kuni. Sasa wenye pesa zao walikuwa wanavililia, na Kuria alitaka kuvifufua, ila viwe vichache. Kumi na viwili tu, kila kimoja na namba yake ya shaba chini.

"Na nimesikia kuna kimoja kimebaki," akasema. "Hapa kwako."

Kilikuwepo, ndiyo, lakini hakikuwa cha klabu. Kilikuwa cha mama yake, Nyambeki. Huyu mama alichuma majani chai ujana wake wote, na siku moja ya mvua aliteleza kwenye mteremko, kikapu mgongoni, bega la kushoto likatoka na halikurudi sawa. Mumewe, marehemu Mochama, alikuwa seremala. Akamtengenezea kiti cha kulaza kiuno, mkono wa kushoto akaushusha, kwa sababu mkono wa mkewe haukuinuka tena. Yule msanifu alikuja pale nyumbani kuagiza madirisha, akakiona kiti uani, akakizunguka weee, mwisho akatoa penseli. Ndivyo kiti cha Nyambeki kilivyoingia klabu. Nyambeki mwenyewe hakuingia. Wachumaji waliishia kwenye ua wa nje.

Syprose alimweleza Kuria haya yote bila kuficha. Kuria akatikisa kichwa kwa adabu, akasema hiyo ni hadithi tamu sana, ila jina lililo kwenye michoro ni la msanifu.

Wakapatana kwa mdomo. Syprose angevitengeneza viti kwa vigezo vya babake, yale mapande ya plaiwudi ya kuchorea mbao ambayo yalikuwa yamening'inia ukutani tangu Mochama afariki. Kiti cha mama kingeenda Nairobi kupigwa picha, kisha kirudi.

"Kirudi," Syprose alirudia, akimtazama machoni.

"Shosho, bibi yetu huyu, atakipata kikiwa kinang'aa," Kuria akajibu, mkono kifuani.

Kazi ilimla msimu mzima wa mvua, na tuseme ukweli, aliipenda. Alilipwa vizuri pia. Lakini nyumbani mambo yalikuwa mengine. Nyambeki alikalia kiti cha plastiki kilichofungwa mito kwa kamba, na kabla ya saa sita alikuwa amerudi kitandani akishika kiuno. Kila asubuhi aliuliza, "Kiti changu kimefika wapi?" kama anayemuuliza mtoto aliyetumwa dukani akachelewa. Syprose alipiga simu mpaka akachoka. Kiko njiani, Kuria alisema. Kiko njiani tu, mwezi baada ya mwezi.

Siku ya uzinduzi ikafika, na ukumbi ulikuwa pale pale klabu ya zamani. Syprose alimvalisha mama yake gauni la kanisani, akamfunga leso mpya, akamwambia, "Leo tunarudi na kiti chako, mama. Nimesema."

Viti vipya vilipangwa mstari mmoja, vimezungushiwa kamba nyekundu, na kibao: Tafadhali Usikalie. Katikati, juu ya jukwaa, kilisimama kiti kile cha zamani, kimesuguliwa mpaka kikawa kama kigeni. Kuria alishika maikrofoni akamsifu msanifu mpaka jasho likamtoka. Akaonyesha ule mkono wa chini. Huo, akasema, ni ujasiri wa mtu aliyekataa kufuata mkumbo, aliyekataa hata pande mbili kufanana! Wageni wakapiga makofi.

Nyambeki, nyuma kabisa, akamgusa bintiye. "Wanapigia nini makofi?"

"Bega lako, mama."

"Aka!" Nyambeki akasema, na akajifunika bega kwa leso.

Kisha Kuria akatangaza kwamba viti vyote kumi na viwili vimepata wenyewe. Kiti cha asili nacho kimepata mwenyewe, kinasafiri ng'ambo wiki ijayo. Na ili wanunuzi wasiwe na wasiwasi kwamba kuna siku vitaonekana vingine, fundi mwenyewe atakata vigezo mbele yao. Vigezo vya Mochama, ambavyo Kuria alikuwa ameomba viletwe vionyeshwe tu, vilikuwa mezani, vimefunikwa kitambaa cheupe kama maiti. Kuria akamkabidhi Syprose msumeno mpya, mpini umefungwa utepe.

Syprose akapiga hesabu. Akikata vigezo, na kiti kikapanda ndege, basi hakuna kitu duniani kitakachomkaa mama yake tena. Atafia kwenye plastiki. Hasira ilimpanda hadi masikio yakavuma.

"Kuria," akasema kwa sauti ya chini. "Kiti cha mama."

Kuria alifunika maikrofoni. "Tulia, fundi. Shosho nitamletea sofa seti. Ya ngozi, kubwa."

"Nani alikuomba sofa?"

"Usiniharibie siku. Kata, tutaongea baadaye."

"Haya," Syprose akasema. "Nakata."

Simu zikainuliwa kupiga picha. Syprose akavikusanya vigezo vyote, akavibana kwapani, akaipita ile meza. Akaenda mpaka kwenye kamba nyekundu, akaweka msumeno, akasukuma na kuvuta, na kamba ikaanguka sakafuni.

"Mama! Njoo uketi."

Nyambeki akainuka, akaja na fimbo yake, akipita kati ya meza za wageni, pole pole, bila kumtazama mtu. Bawabu, Kiplimo, alitumwa na Kuria kwa macho amzuie. Akamfikia pale kwenye ngazi ya jukwaa, akasita, kisha akampa mkono. "Polepole, kogo," akasema, kama anavyomwita nyanya yake mwenyewe. Nyambeki akageuka, akajishusha. Kiuno kikapata mahali pake. Mkono wa kushoto ukateremka wenyewe ukalala juu ya mbao, bila yeye kuangalia, na hata aliyekaa mbali kabisa akaona kwamba ulikuwa kimo kile kile cha mkono wa kiti. Mwanamke mmoja akashusha simu yake.

"Shosho, naomba uamke," Kuria akasema. "Kiti kimeuzwa."

"Kimeuzwa na nani?"

"Shosho, tafadhali."

"Nimechuma majani mpaka chini ya dirisha lile pale, mwanangu, na humu sijawahi kuketi. Leo nimeketi."

Syprose alimnyang'anya Kuria maikrofoni. "Wenye viti kumi na viwili, vichukueni kwa amani, nilivitengeneza kwa moyo. Lakini vigezo vya baba havikatwi! Jumatatu navitundika nje ya karakana. Mwenye mgongo mbaya aje nimpime. Mwenye penseli aje achore, akatengeneze kwao, sitamuuliza kitu."

"Lakini thamani itashuka!" mzee mmoja mwenye tai akalalamika.

"Wacha ishuke! Ishuke mpaka huku chini tuifikie na sisi."

Mtu alicheka nyuma, wa pili akafuata. Kuria alikuwa amevimba shingo. "Nitakupeleka kortini, Syprose."

"Nipeleke. Nitakuja na mama, na atakuja na kiti chake. Jaji naye ajionee."

Kuria akawaita wahudumu wakiinue kiti pamoja na aliyekikalia, kama ni lazima. Wahudumu walitazamana, wengi wao mama zao wakiwa wachumaji, na hakuna aliyesogea.

Nyambeki hakuwa na habari nao. Alikuwa akimtazama Kiplimo. "Hapa hawanywi chai?"

"Wanakunywa, kogo."

"Basi niletee."

Kiplimo akaleta. Nyambeki alishika kikombe kwa mkono wa kulia, wa kushoto umelala mahali pake, akanywa bila haraka, Kuria amesimama mbele yake na ukumbi mzima ukingoja. Alipomaliza, akaomba kingine.